Mfungo Mosi wa fundi cherehani

Nashona nguo Mwanakwerekwe, Unguja, na kazi yangu ina msimu mmoja mkubwa: Ramadhani. Vitambaa huanza kuingia Shaabani. Likifika kumi la mwisho, wateja huja baada ya tarawehe, na cherehani haizimwi mpaka daku. Nikishaswali alfajiri nalala, adhuhuri inanikuta kitandani. Nguo ya sikukuu haina kesho, na mimi naipenda kazi hiyo. Mtoto akipita na gauni nililolitia lasi kwa mkono wangu, uchovu wote nauona halali.

Kazi ngumu ilikuwa baada ya sikukuu. Siku nne za Idi zikimalizika, duka linatulia, lakini mwili haujui kuwa mwezi umekwisha. Saa nane za usiku macho makavu. Saa nne asubuhi nasinzia juu ya kitambaa. Chakula nakula kinaponikuta. Watoto wakiniuliza jambo dogo, nawajibu kwa ukali ambao si wangu. Miaka mingi niliuhesabu unyonge huo kuwa ni sehemu ya ufundi, kama maumivu ya mgongo.

Mama yangu ndiye aliyenionesha mlango. Aliniona nimejilaza mchana, akasema: "Mwanangu, umekesha mwezi mzima, unataka urudi kwa usiku mmoja? Funga sita zako, lakini zigawe. Jumatatu na Alhamisi."

Nilizoea kuzifunga siku hizo sita za Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, mfululizo mwanzoni mwake, ili nizimalize. Nilipozigawa, wiki yangu ilipata nguzo mbili. Siku ya kufunga ina daku, kwa hiyo usiku wake nalala mapema. Ina futari, kwa hiyo jioni yake cherehani inafunikwa kabla ya magharibi. Siku za katikati sikujilazimisha kitu. Nililala usingizi uliponijia, ila niliwahisha kuamka kidogo kidogo, na baada ya alfajiri sikurudi kitandani: nilitoka kwa miguu kununua mkate.

Matembezi hayo yana sababu yake. Mwili una saa ya ndani, na kinachoirekebisha kuliko kitu kingine ni mwanga: wa asubuhi huiwahisha, wa taa za usiku huichelewesha. Mwaka 2017 wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kufichua jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli. Mimi niliyekaa mwezi mzima chini ya taa ya cherehani nilihitaji jua, na kwetu jua ni rafiki mwaminifu: mwaka mzima huchomoza karibu wakati ule ule.

Utaratibu huo ulinigharimu kazi ya harusi. Mfungo Mosi ndio mwezi wa harusi Unguja, na sare za shangazi na mawifi huja kabla vumbi la sikukuu halijatua. Bibi harusi mmoja alinijia siku ya tano ya mwezi. Nikamwambia, "Mdogo wangu, njoo wiki ijayo nikupime kwa utulivu." Alikwenda kwa fundi mwingine. Niliumia, maana fedha ya harusi ni nzuri, na bado naona nilifanya sawa: mkono uliochoka hukata kitambaa cha mtu vibaya, na kitambaa kikishakatwa hakiungiki.

Kabla sita hazijaisha, nilikuwa nakula chakula cha mchana mezani na watoto, nikiwasikiliza mpaka mwisho wa maneno yao. Oda za harusi nazipokea tena. Kila anayekuja namfungulia daftari, tunatazama pamoja siku zilizobaki, na zikiwa zimejaa namwelekeza kwa fundi wa jirani.