Ubongo wa Motokari: Safari Yetu ya Likasi

Tulitoka Lubumbashi alfajiri, ukungu ungali umefunika vichuguu, tukashika barabara ya Likasi, mwendo wa kilometa 120 hivi. Safari hiyo haikuwa ya furaha. Shemeji yetu alikuwa akienda kuuza motokari yake, iliyotengenezwa Japani mwaka 1992, ambayo aliinunua Kasumbalesa ikiwa imekwisha kutumika. Kwa motokari hiyo alipeleka unga sokoni, na kwa faida ya unga aliwalipia karo watoto wake wanne. Sasa mnunuzi wa vyuma vikuukuu alikuwa akimngoja.

Ugonjwa wake ulikuwa wa ajabu. Asubuhi injini ilikataa kuwaka; ikiisha kuwaka ilitetemeka, na taa ya manjano iliyo mbele ya dereva haikuzimika. Fundi mmoja alibadili plagi, kisha pampu ya petroli, kisha akaomba fedha za kubadili kitu cha tatu. Hapo shemeji akachoka.

Njiani tuliona misitu ya miyombo, magunia ya makala yaliyopangwa kando ya barabara, na malori ya shaba yakielekea mpakani. Karibu na mto Lufira, jua lilipokuwa kali, motokari ilizimika. Mwanzoni mwa mwaka 1963 askari wa Umoja wa Mataifa, wakiuendea mji wa Likasi, ulioitwa wakati ule Jadotville, walikuta madaraja ya mto huu yameharibiwa, nao wakavuka hata hivyo. Sisi daraja tulikuwa nalo, zima kabisa, lakini tulikaa kando yake saa nzima, hata injini ilipopoa na kukubali kuwaka tena.

Tulipofika Likasi, katika mtaa wa Kikula, tulisimama kuomba maji kwa kijana mmoja atengenezaye redio na televisheni. Alisikiliza mngurumo wa injini, akauliza habari zake, kisha akasema kwa heshima: “Baba, kabla ya kuiuza, niruhusu niitazame.”

“Itazame, mwanangu,” akajibu shemeji. “Aliyekufa haogopi kisu.”

Kijana hakukimbilia kufungua kitu. Kwanza alipima betri, akakagua nyaya zinazoshika mwili wa motokari. Kisha, kwa kipande cha waya, aliunganisha matundu mawili ya kipokeo cha majaribio kilicho karibu na injini. Taa ya manjano ingepaswa kupepesa kwa hesabu, na kila hesabu ni jina la kosa. Haikupepesa hata mara moja. Alipohakikisha kwamba umeme ulifika vizuri kwenye kompyuta, akasema: “Mwenye kutoa habari ndiye mgonjwa.”

Wasomaji wapenzi, motokari za zamani sana hazikuwa na kompyuta. Mwaka 1979 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mtambo uitwao Motronic, ambao uliunganisha kazi ya kupima petroli na kazi ya kutoa cheche chini ya kompyuta moja. Tangu hapo desturi hiyo ikaenea. Kompyuta hupokea habari za hewa inayoingia, za joto la maji na za mzunguko wa injini; kisha huamua petroli imwagwe muda gani, na cheche itoke lini. Ikikosea, kila kiungo huonekana kibovu, hali viungo vyote ni vizima.

Kijana alifungua waya hasi wa betri, akatoa kisanduku cha bati kilichofichwa mbele ya miguu ya abiria, akakifungua. Mara ikatoka harufu kama ya samaki. Hiyo ndiyo iliyokuwa dalili. Ndani mlikuwa na vikopo vidogo viitwavyo kapasita, ambavyo hutuliza umeme kama mtungi upokeao maji kwa vishindo na kuyatoa polepole. Kwa miaka mingi na kwa joto, maji ya dawa yaliyomo yalikuwa yamevuja, yakala njia nyembamba za shaba.

Aliandika kipimo cha kila kapasita, mikrofaradi na volti, pamoja na upande wa hasi. Maana kapasita iliyogeuzwa hupasuka. Akaziondoa bila kuvuta kwa nguvu, akasafisha ubao kwa alkoholi, akatia mpya zenye kustahimili joto la digrii 105. Njia moja ya shaba ilikuwa imekatika kabisa. Akaiunga kwa uzi mwembamba na lehemu ya bati.

Tulipokuwa tukimtazama, wazo moja lilituingia. Nchi yetu ina shaba katika Katanga, bati katika Manono, na tantali katika Kivu; vitu vya namna hii ndivyo vijazavyo sanduku za kompyuta duniani. Tumezoea kuviona vikienda mpakani juu ya malori. Siku ile tuliona mikono ya mtoto wa Likasi ikivifanya vitii tena.

Jioni shemeji alizungusha ufunguo. Taa ya manjano iliwaka kidogo, ikazimika. Injini ikanguruma sawasawa. Shemeji hakusema neno. Aliinamisha kichwa juu ya usukani.

Malipo aliyoomba kijana hayakufika hata nusu ya bei ya ile pampu iliyobadilishwa bure. Tena hakuahidi makuu: “Baba, ule uzi niliouunga uangaliwe baada ya mvua.” Mnunuzi wa vyuma alirudi kwake mikono mitupu, na sisi tulirudi Lubumbashi usiku, tukavuka Lufira bila kusimama.

Basi, mtu akikwambia chombo chako kimekufa, umwulize kwanza: amepima nini?