Tuchague Herufi Zinazosomeka



Siku hizi wengi wenu mnasoma na kuandika masomo kwenye simu na kompyuta. Sisi tunapenda herufi zisomeke kwanza, mapambo yafuate.

Kwa Kiarabu tumechagua Amiri, inayopatikana bure. Imefuata hati ya naskh ya matbaa ya Bulaq, Cairo, ya mwanzoni mwa karne ya 20, na irabu zake zinaonekana wazi. Jambo hili si dogo. Katika Suratul Fatiha, neno an'amta maana yake ni "umeneemesha", anaambiwa Mola. Fataha ya mwisho ikidhaniwa ni dhuma, linakuwa an'amtu, "nimeneemesha" mimi! Alama ni ndogo, lakini maana imepinduka.

Kwa Kiswahili tunapenda Verdana, iliyotoka mwaka 1996 kwa ajili ya kusomwa kwenye skrini. Humo I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 hazifanani.

Basi wazazi, kabla mtoto hajahifadhi sura kwenye simu, kuzeni maandishi mpaka fataha na dhuma zipambanuke. Kisha aje asome mbele ya mwalimu, kwani jicho likikosea, sikio la mwalimu litasahihisha.

Wabillahi tawfiq.