Simoni wa Kirene, Mtu Aliyeshurutishwa

Katika makanisa yetu zimo picha kumi na nne za Njia ya Msalaba. Tufikapo ile ya tano twapiga magoti, twasali, kisha twaendelea. Yule mtu anayemsaidia Bwana wetu kubeba msalaba twamjua kwa jina tu. Leo tumfuate, tuone ametoka wapi, na mzigo ule ulimpata mahali gani.

Kwanza twende Kirene. Mji huu uko Afrika, katika nchi iitwayo leo Libya, karibu na Shahhat. Wayunani wa kisiwa cha Thera waliujenga yapata mwaka 631 kabla ya Kristo, juu ya milima yenye chemchemi na udongo mzuri. Baadaye Wayahudi wengi walihamia huko. Siku hizi ni magofu: nguzo za hekalu, mawe ya soko, na makaburi yaliyochongwa katika mwamba. Tetemeko la mwaka 365 liliubomoa sana, na mafuriko ya Septemba 2023 yakaongeza hasara. Kutoka hapo hata Yerusalemu ni zaidi ya kilometa 1,200.

Sasa tuingie Yerusalemu. Njia ya Msalaba yaanza karibu na Lango la Simba, yashuka kati ya kuta za mawe mpaka barabara ya El-Wad, iliyo bondeni. Mbele kidogo yakata kulia na kuanza kupanda ngazi. Penye kona hiyo pana kanisa dogo la Wafransiskani, na juu ya mlango wake maneno ya Kilatini yasemayo kwamba Simoni abebeshwa msalaba. Kila Ijumaa mapadre na mabruda hupita hapo na mahujaji, wakisali katikati ya maduka. Njia hii ilivyo leo imepangwa na mapokeo ya karne za baadaye. Lakini kituo kile kimewekwa mahali panapofaa, kwa maana ndipo mpando unapoanza.

Simoni alikuwa akitoka shamba, asema Mtakatifu Marko. Hatusomi kwamba alijitolea. Askari wa Kirumi waliweza kumkamata mpita njia yeyote na kumtwika mzigo, naye hakuwa na la kusema. Katika Kiyunani, Mathayo atumia hapa neno lile lile alilotumia pale Bwana alipofundisha kwamba mtu akikulazimisha kwenda maili moja, uende naye mbili. Wanafunzi waliolisikia fundisho hilo walikuwa wamekimbia. Aliyekwenda ile maili ni mgeni aliyeshikwa njiani.

Je, ikawaje baadaye? Marko asema kwamba huyu ni baba yao Aleksanda na Rufo, wala haelezi ni akina nani. Bila shaka wasomaji wake waliwajua. Paulo naye, akiwaandikia Warumi, amsalimu Rufo na mama yake, ambaye alikuwa kama mama kwake pia. Wengi wafikiri ndiye Rufo yule. Na katika Matendo ya Mitume, watu wa Kirene walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwahubiri Wayunani huko Antiokia. Tena mwaka 1941, katika bonde la Kidroni, lilifunuliwa kaburi lenye sanduku la mifupa lililoandikwa jina la Aleksanda, mwana wa Simoni. Majina hayo yalikuwa ya kawaida, kwa hiyo halithibitishi neno. Hata hivyo latukumbusha kwamba hao walikuwa watu wenye jamaa na makaburi kama sisi.

Wako kwetu waliotwikwa mizigo wasiyoichagua: mke anayemuuguza mkwe wake mwaka wa tatu sasa, kijana aliyeachiwa wadogo zake baba alipofariki. Tusiwaambie kwamba mzigo ni mwepesi, maana si kweli. Tuwaambie kwamba Simoni naye hakuuomba wake, na Bwana alikuwa akitembea mbele yake hatua chache tu. Kisha, tukiondoka kituo cha tano, tupite nyumbani kwao tuwapokee.