Yutaka Ozaki: kijana mkali na nyimbo zake za upole



Leo nataka tuzungumze kuhusu nyimbo za mtu ambaye wengi wenu hamjawahi kumsikia, ingawa kwao Japani anajulikana sana. Anaitwa Yutaka Ozaki. Alikuwa mwanamuziki wa roki, akitunga na kuimba mwenyewe, na alifariki mwaka 1992 akiwa na miaka 26 tu.

Najua mtauliza, fundi cherehani wa Unguja na roki ya Kijapani wapi na wapi? Mteja wangu mmoja wa Kijapani, aliyekuja kushonesha magauni ya kitenge kabla ya kurudi kwao, ndiye aliyeniwekea nyimbo hizi kwenye simu. Alikaa na mimi mchana mzima akinieleza maana yake. Tangu hapo zinapigwa dukani kwangu pamoja na taarab, na wateja wameshazizoea.

Ozaki alizaliwa Tokyo Novemba 1965. Albamu yake ya kwanza ilitoka tarehe 1 Desemba 1983, siku chache baada ya kutimiza miaka 18, kwa hiyo nyimbo zile alizitunga akiwa bado mwanafunzi. Jina la albamu kwa Kiswahili ni kama kusema ramani ya miaka kumi na saba. Skuli hakuimaliza. Machi 1984, kipindi ambacho wenzake walikuwa wanahitimu, yeye alikuwa Shinjuku akifanya onyesho lake la kwanza. Mwaka uliofuata akatoa wimbo kuhusu kuhitimu, ambao ndani yake vioo vya madirisha ya skuli vinavunjwa usiku. Vijana waliupenda, wazazi na walimu wakashika vichwa. Akawa na sifa moja tu: mtoto mkorofi.

Lakini ndani ya albamu ile ile ya kwanza mlikuwa na nyimbo mbili za taratibu. Mmoja unaitwa "I Love You". Unaanza na kinanda peke yake, sauti iko chini kama mtu anayezungumza chumbani asiamshe jirani. Ni habari ya vijana wawili wanaopendana, hawana pa kwenda, na wanaogopa kwamba penzi lao halitadumu. Kuna mambo mle ambayo kwa maadili yetu siyaungi mkono, nisidanganye. Lakini ile hofu naielewa. Mwingine ni "Oh My Little Girl", kijana anatembea na msichana wake jioni ya baridi na anataka kumlinda. Hakuna kioo kinachovunjwa humo.

Sasa angalieni yaliyotokea. "I Love You" ulitolewa peke yake kama singo mwaka 1991, zaidi ya miaka saba baada ya albamu. Wengi wameurudia tangu hapo, hadi Korea umeimbwa kwa Kikorea. "Oh My Little Girl" ulitolewa mwaka 1994, mwenyewe keshafariki, ukawekwa kwenye tamthilia ya televisheni na ukauza zaidi ya nakala milioni moja. Yaani ule upole ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Watu walichelewa kuusikia kwa sababu walikuwa wanasikiliza kelele za vioo.

Sisi mafundi tunajua habari hii. Mteja anaangalia kitambaa cha juu, anasifu rangi na nakshi. Lakini kinachogusa mwili ni bitana.

Nina mwanafunzi dukani, binti wa miaka 17, ameniruhusu nimtaje bila jina. Aliacha skuli Kidato cha Tatu. Mamake alimleta na kuniambia mbele yake, "Huyu keshaharibika, mfundishe angalau apinde nguo." Wiki za mwanzo alikuwa anajibu mkato na mkasi anautupa mezani. Siku moja tuko kwenye sare za harusi, ukapita wimbo wa Ozaki unaoitwa "Shelly". Ni mrefu, na humo anamuuliza mtu anayempenda kama anaishi sawasawa au amepotea. Binti akaniuliza, "Dada, huyu analia nini?" Nikamweleza. Akanyamaza, akamaliza upindo wake, kisha akasema, "Hebu urudishe."

Baadaye akaniambia jambo. Sikukuu ya Idi mamake alimletea kanga, na jina la kanga lilikuwa la mapenzi ya mama kwa mwana. Akalisoma mara mbili. "Sikujua kama ni langu, au muuzaji ndiyo hiyo aliyokuwa nayo."

Jamani, neno hilo lilinikaa. Mteja wangu aliniambia kwamba kwao nako si kawaida watu kutamka "nakupenda" waziwazi. Labda ndiyo maana wimbo kama ule ukapendwa. Na sisi hapa tunaiachia kanga iseme. Kanga ina uzuri wake, lakini mtoto aliyeambiwa keshaharibika hana uhakika kwamba maandishi yale ni yake.

Mamake alipokuja kulipa ada nilimwambia alichosema binti. Aliniangalia kwa mshangao. "Si anajua mwenyewe?" Hajui, nilimjibu. Aliondoka bila kusema zaidi, na mpaka naandika haya sijui kama wamezungumza.

Simfanyi Ozaki kuwa mfano wa maisha. Aliwahi kukamatwa kwa dawa za kulevya mwaka 1987 na mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Siku ya mazishi yake walijitokeza watu wanaokadiriwa kufika 40,000, kwenye mvua. Aliacha mjane na mtoto wa kiume wa miaka miwili, umri ambao mtoto hawezi kuikumbuka sauti ya babake. Lakini mwaka 1990 alikuwa ametoa albamu ambayo jina lake maana yake ni kuzaliwa, na wimbo wenye jina hilo aliutunga kwa ajili ya mwanawe huyo. Mtoto amekua, naye sasa ni mwimbaji, na maneno ya babake kwake anayo.

Sisi hatuna studio, shoga zangu. Mwenye mtoto mkali nyumbani asingoje atulie ndipo amwambie anampenda. Amwambie leo usiku, kwa mdomo wake, hata kama mtoto atageuza uso ukutani. Atakuwa amesikia.