Nani kati yetu anarudi kwa miguu?

Ninyi mliokimbia vita mkapokelewa huku kwetu Nyalukemba, leo nataka kuungama kosa langu moja. Kijana mmoja aliniomba shauri, nikampa shauri baya.

Kijana huyo ni muganga. Amepanga chumba nyuma ya parseli yetu. Masomo ya uganga alikwisha kumaliza, sasa anasomea ubingwa wa magonjwa ya watoto. Hospitalini watu kama yeye wanaitwa asistenti. Ukienda kule usiku na mtoto mwenye homa, mara nyingi asistenti ndiye anakupokea. Mkubwa wake yuko nyumbani, anaitwa kwa simu.

Mwaka 2025 alinijia jioni moja. "Mama, chama chetu cha waganga kinataka asistenti mmoja aingie kwenye kamati. Wenzangu wamenitaja mimi. Niingie?"

Nikamjibu: "Mwanangu, kaa kimya, maliza masomo. Kamati haina mshahara, na siku hizi mwenye kusema sana anatazamwa."

Tangu vita vilipofika mjini mwetu Februari mwaka ule na benki kufungwa, kila mtu alikuwa anahesabu maneno yake kama anavyohesabu pesa. Kijana mwenyewe anajilipia masomo, na anaishi kwa primu, ile sehemu ndogo inayotoka kwenye pesa za wagonjwa. Wagonjwa wakikosa pesa, primu nayo hakuna. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akaingia kwenye kamati.

Wakati ule nilikuwa nimepokea familia moja kutoka Kalehe, mama na watoto wanne. Jioni moja mtoto mdogo alishikwa na degedege. Tulimkimbiza hospitali, tukafika saa moja. Muganga hakuna. Wa mchana ameondoka, wa usiku hajafika. Tulingoja karibu saa nzima. Yule mama alimpepea mtoto kwa kitenge chake, akaniuliza: "Dada, hata huku mjini hakuna waganga?"

Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini nilirudi na hasira, nikamwambia asistenti wetu: "Ninyi vijana ni wavivu."

Ndipo akanieleza jambo nisilolijua. Kule zamu zilibadilishana saa mbili ya usiku. Saa hiyo barabara zimekwisha kuwa tupu, na wenye silaha wanavizia watu. Asistenti na wauguzi wengi wanatembea kwa miguu. Mwenzao mmoja alikuwa amepigwa na kunyang'anywa simu. Basi wa mchana wakawa wanatoroka kabla ya giza, na wa usiku wanachelewa wakitafuta mtu wa kuongozana naye. Katikati pakabaki shimo, na mtoto wetu alifika wakati huo.

Kwenye kamati, wakubwa walikuwa wanaandika barua ya kuwakaripia vijana. Akanyoosha mkono, akauliza: "Wazee wangu, kati yetu hapa ni nani anarudi nyumbani kwa miguu?" Ilikuwa yeye peke yake. Mzee mmoja akamwambia angoje zamu yake ya kusema. Mwingine akasema: "Mwacheni aeleze." Barua ikaandikwa upya. Kamati ikaomba zamu zibadilishane saa kumi na moja jioni, mwanga ungali upo, na mtu asiondoke kabla ya kumkabidhi mwenzake wagonjwa uso kwa uso. Hospitali ikakubali.

Wengi wetu tunachanganya vyama hivi. Kuna Baraza la Waganga, Ordre des Médecins, lililoundwa kwa sheria ya Machi 1, 1968. Hilo ndilo linaandikisha kila muganga na kulinda maadili ya kazi; mgonjwa aliyetendewa vibaya na muganga anaweza kupeleka malalamiko yake kule. Kuna sendika, kama SYNAMED, zinazotetea mishahara. Kuna pia vyama vya ubingwa. Kote huko, kijana asipokuwepo mezani, mambo ya usiku yanaamuliwa na watu waliokuwa wamelala.

Tazameni jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2024 waganga waligoma siku 56, hadi Mei 8. Sababu kubwa ilikuwa waganga wapya walio katika mazoezi: serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi, na mapatano ya 2017 yalisema zaidi ya 200,000. Wakubwa waligoma pamoja na wadogo. Lakini siku zote 56 wagonjwa nao waliumia. Ndiyo maana ni heri kijana asikilizwe mapema, ndani ya kamati, kabla mambo hayajafika barabarani.

Asistenti wetu amelipia kazi hiyo. Siku zake za kusoma zilikwenda kwenye mikutano, na mtihani mmoja ilibidi aurudie. Mimi na yule mama wa Kalehe tunamdai shukrani, naye hajawahi kutukumbusha.

Juzi kipindi chake kwenye kamati kimekwisha. Asistenti mwingine, binti wa kartie yetu, amekuja kuniuliza kama aingie. Nimemwambia aingie, na siku za mkutano nitamwekea chakula.