Sauti ya Uwanjani Bombo

Kilomita zipatazo 35 kaskazini ya Kampala, kando ya barabara iendayo Gulu, upo Bombo, mji wa kambi tangu zama za King's African Rifles. Siku ya mpira wa watoto wa askari, mtangazaji husimama juani na kipaza sauti tangu saa nane hadi magharibi. Kila bao hulitangaza kwa Kiswahili, kisha Kinubi, kisha Kiganda. Kazi ya watu watatu kwa ujira wa soda moja. Koo humkauka. Lakini mfungaji ambaye baba yake yuko Somalia, ambako Uganda ilianza kupeleka askari mwaka 2007, jina lake hulitaja mara mbili, na la baba yake pia. Kina mama hupiga vigelegele. Mtangazaji hunywa maji, akaendelea.