Maji ya Kumwaga

Nyumbani kwetu Tandahimba maji hayamwagwi ovyo. Yaliyooshea mchele huoshea vyombo, yaliyooshea vyombo humwagiwa mpapai, na anayenawa uso kwa kata mbili huulizwa kama anakwenda harusini. Uwanda wa Makonde uko juu na udongo wake ni wa kichanga. Mvua ikinyesha inazama, na chemchemi ziko mabondeni. Maji ya bomba hupandishwa kwa pampu kutoka huko chini, na pampu zikinyamaza, bei ya ndoo inapanda. Mama yangu alipokuwa msichana alishuka bondeni alfajiri na ndoo kichwani. Nimelelewa kwa hesabu ya matone.

Hesabu hiyo niliibeba hadi Dar es Salaam, kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji nilikopata kazi ya msaidizi wa fundi. Mashine yetu ilikuwa Heidelberg GTO ya rangi moja, iliyonizidi umri. Ofseti inafanya kazi kwa sababu mafuta na maji havipatani. Pleti inaloweshwa kwa maji yenye dawa na gundi kidogo, kisha rola za mpira zinapitisha wino, nao unashika penye maandishi tu. Lakini yale maji nayo hupanda kwenye rola, yakibeba gundi, chokaa na vumbi la karatasi.

Fundi mkuu, mzee mpole ambaye sote tulimwita Babu, alinifundisha kuosha rola kila jioni: kwanza dawa ya kutoa wino, halafu maji ya uvuguvugu, halafu dawa tena.

"Dawa inatoa wino," alisema. "Gundi na chokaa hazijui dawa. Zinajua maji."

Nilimsikia. Lakini alipoondoka, niliosha kwa dawa, nikaona rola zimetakata, na ile nusu ndoo ya maji nikaiweka kwa ajili ya kesho. Haukuwa uvivu. Mkono wangu ulikataa tu kumwaga maji kwenye kitu kilichokwisha kuwa safi.

Wiki hadi wiki rola zilizidi kupendeza. Zilianza kung'aa. Sikujua kwamba huko kung'aa ndiko kuugua: vinyweleo vya mpira vimezibwa, uso wake umekuwa kama kioo, na wino unateleza. Maandishi yalipofifia, niliongeza wino. Yalipofifia tena, nilizisogeza rola ziibane pleti zaidi. Ubanaji huo hupimwa kwa mstari wa wino ambao rola inauacha juu ya pleti, na kwa mashine yetu Babu alitaka milimita 3 hadi 4. Wangu ulifika 7. Rola iliyobanwa hivyo husuguliwa, hupata moto, na mpira wake huanza kuchanika kwenye ncha.

Ulikuwa msimu wa korosho, nasi tulikuwa tunachapa vitabu vya stakabadhi vya chama kimoja cha ushirika cha kusini. Babu alichukua karatasi moja akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mstari wa juu ulisomeka. Chini yake, neno "Kilo" lilikuwa kivuli, na "Daraja" lilikuwa limebaki "Dar". Nikaukumbuka mfuko wa nailoni ambamo mama hufungia stakabadhi zake, anaoulaza chini ya godoro mpaka malipo yaingie. Mkulima akishakabidhi gunia ghalani, kilichobaki mkononi mwake ni kile kikaratasi.

Rola 3 zilitolewa. Moja ilikuwa imepasuka kabisa. Zilipelekwa kuvishwa mpira mpya, kazi ikachapwa upya, nami nikakatwa mshahara kwa miezi 2. Mwenye kiwanda aliniuliza mbele ya wenzangu, "Kwani huko kwenu hamna maji?" Alikusudia kunitukana. Nilinyamaza, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Babu ndiye aliyenifariji. Aliniambia kwamba wachapaji wa karne ya 19 walifinyanga rola zao kwa gundi ya wanyama na molasi, na joto likizidi zililainika. Baadaye nikasoma kwamba Edward Steere, askofu aliyewaongoza watumwa walioachwa huru hadi Masasi mwaka 1876, ndiye aliyekuwa ameendesha mtambo wa chapa wa misheni Zanzibar. Nikawawazia mafundi wake, katika joto lile la pwani, wakichunga rola zisiwayeyukie.

Desemba nilirudi nyumbani likizo. Mvua ya kwanza ilipoanza kugonga bati, nilikimbia kuelekeza mfereji kwenye tanki. Mama akanishika mkono.

"Acha kwanza, mwanangu. Hiyo ni ya kuoshea bati."

Tukasimama barazani tukitazama maji meusi yakimwagika uani, yamejaa vumbi, majani ya mkorosho na mavi ya ndege. Ndoo baada ya ndoo, na mama, anayenisema kwa kata moja, hakusikitika hata kidogo. Yalipoanza kuwa meupe akasema, "Haya, sasa weka."

Nilikuwa nimeliona jambo hilo kila mwaka tangu utotoni, na sikuwahi kulihesabu kuwa ni kumwaga maji.

Siku hizi nina msaidizi wangu. Namwambia asizungushe mashine rola zikiwa kavu, asioshe kwa petroli maana inauvimbisha mpira, na rola ya akiba aitegemeze kwa ncha za mhimili wake, mbali na jua, asiilaze sakafuni ikabonyea. Lakini kuosha kwa jioni nafanya mwenyewe. Dawa, halafu nusu ndoo ya maji ya uvuguvugu, halafu dawa. Nikifika kwenye ile ndoo, mkono bado unasita kidogo. Kisha namwaga.